Taarifa zako zikichezewa: namna ya kudai faragha yako ukiwa Kigoma

Kabla hujaendelea kusoma, chukua simu yako upige *106#. Fuata maelekezo uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba usiyoijua, usikimbilie kuifuta. Piga picha ya skrini kwanza. Kama simu yako ni kitochi, chukua daftari uandike namba hiyo, tarehe na saa uliyoiona. Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya madai yako.

Mwongozo huu ni wa makaratasi, na nina sababu. Nimekuwa msaidizi wa kisheria kati ya Mwanga na Ujiji kwa miaka kadhaa, na nimeona malalamiko ya kweli kabisa yakiishia mdomoni. Mtu anakuja, anasimulia, anafuta machozi, anaondoka, na nyuma yake hakuna kilichobaki ambacho mtu mwingine anaweza kukisoma. Sheria tunazo. Haki ya faragha imo katika Ibara ya 16 ya Katiba, tangu sura ya haki za binadamu ilipoingizwa mwaka 1984. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Tunachopungukiwa huku kwetu ni watu wenye barua iliyogongwa muhuri wa "IMEPOKELEWA". Mbunge, Tume na jaji, wote huanzia hapo.

Kusanya ushahidi siku ileile

Mama mmoja mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi alikopa shilingi 50,000 kwenye programu ya simu ili aongezee mtaji wa mzigo. Programu iliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yake. Akabonyeza "Ruhusu", kwa kuwa bila hapo haikusonga mbele. Siku ya marejesho ikapita, mvua ilikuwa imemharibia dagaa kwenye vichanja, hela hana. Siku ya tatu shemeji yake akapokea ujumbe. Kisha mwalimu wa mwanawe, kisha mteja wake wa Kasulu, kisha shehe wa mtaa. Ujumbe ulimtaja jina lake kamili na kusema ametoroka na deni, na kila aliyeupokea akaambiwa yeye ndiye mdhamini.

Alipofika kwetu alikuwa ameshafuta kila kitu, programu na jumbe zote za vitisho alizotumiwa. Aibu humfanya mtu afute. Ikabidi tuzunguke kwa waliopokea. Mwalimu alikuwa bado nao. Shemeji pia, na simu ya shemeji ndiyo iliyotusaidia zaidi, kwa sababu ilikuwa inaonyesha namba iliyotuma pamoja na saa.

Kwa hiyo ukipatwa na jambo kama hili, hata kama mikono inatetemeka, usifute. Usiombe pia utumiwe ule ujumbe upya, kwani ukisambazwa unafika kwako na namba ya aliyekusambazia, si ya aliyeutunga. Chukua simu nyingine, piga picha ile simu yenye ujumbe, namba na saa vionekane. Ingia kwenye mipangilio, fungua ukurasa wa ruhusa za ile programu, upige picha pia. Baada ya hapo ondoa ruhusa zote, halafu ndipo uiondoe programu yenyewe. Tunza ujumbe wa muamala ulioingiza mkopo, maana una kumbukumbu namba. Tafuta watu wawili kati ya waliopokea ambao wako tayari kuweka sahihi zao kwamba waliupokea.

Kwa laini zilizosajiliwa bila wewe kujua, kumbuka siku uliyosajili laini yako. Wengi wananiambia jambo moja: wakala aliwaambia mtandao umegoma, warudie kuweka kidole, na hapo ndipo laini nyingine huweza kusajiliwa kwa jina lako. Andika mahali ulipokuwa, mwezi, na kama kuna mtu ulikuwa naye. Ukishaandika, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la mtandao wa simu husika, ile namba iondolewe kwa jina lako, na udai karatasi ya kuthibitisha. Namba zinazotuma utapeli zitume kwenda 15040.

Jua ni haki ipi iliyoguswa

Ibara ya 16 inamlinda mtu katika maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Angalia neno lililotumika pale: inasema "kila mtu". Haisemi kila raia. Kwa mkoa wetu hilo ni jambo kubwa. Tuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na tumekuwa na ile ya Nduta, ambako watu wametoa alama za vidole mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu. Tuna ndugu zetu wa vijiji vya mpakani, Buhigwe, Kasulu, Kakonko, ambao namba ya NIDA imewachelewa kwa maswali ya uraia, na wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka au shemeji. Hao huogopa kulalamika. Nawaambia hivi: sheria inamlinda mtu ambaye taarifa ni zake. Kama jina lililochafuliwa ni lako na picha ni yako, malalamiko ni yako. Yule ambaye laini iko kwa jina lake mkae naye, mkubaliane, na aandike maelezo yake mafupi ya kuambatanisha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Sura ya 44, ipo kwa Kiswahili. Isome mwenyewe, usisubiri kusimuliwa. Humo aliyechukua taarifa zako anaitwa mkusanyaji, anayezifanyia kazi anaitwa mchakataji, na wewe ni mhusika wa taarifa. Mkusanyaji anatakiwa awe amesajiliwa na Tume, akwambie kwa nini anachukua taarifa, azitumie kwa lengo hilo tu, na asikae nazo kuliko inavyohitajika. Una haki ya kuuliza anazo zipi, kuzisahihisha, kuzuia zisitumike kukuletea matangazo ya biashara, kuomba zifutwe, na kudai fidia ukiumia. Taarifa za watoto, za afya, za alama za mwili na za miamala ya fedha zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, nazo zina ulinzi mkali zaidi.

Usidhani ni makampuni makubwa tu. Mwezi uliopita niliingia steshenari moja kutoa kopi. Kwenye kioo cha kompyuta mafaili yalikuwa yamejaa mpaka pembeni: kitambulisho cha huyu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa yule, barua ya mkopo ya mtumishi fulani yenye mshahara wake. WhatsApp ya kwenye kompyuta ilikuwa wazi, na vitambulisho vya wateja wa wiki nzima vinaonekana kwa yeyote anayesimama kaunta. Kijana wa pale hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia. Tulikaa naye robo saa, akafuta, akamwaga na kapu la takataka la kompyuta, na sasa amebandika ukutani karatasi inayosema faili la mteja linafutwa mbele yake. Huo nao ni utetezi, na ulituchukua robo saa tu. Wewe pia ukienda kuskani, usiondoke kabla hujaona faili lako limefutwa.

Na vikoba vyetu. Kumpiga picha mwanachama aliyechelewesha marejesho na kuirusha kwenye kundi ni kosa lilelile la ile programu ya mikopo. Mweka hazina, tafadhali, daftari la madeni libaki mezani siku ya kikao.

Mwandikie kwanza aliyekukosea

Hatua hii watu huiruka, wakitaka kwenda moja kwa moja redioni. Usiiruke. Barua inampa mkosaji nafasi ya kurekebisha, na asiporekebisha inakupa wewe ushahidi kwamba alijua. Andika kwa Kiswahili cha kawaida, ukurasa mmoja. Yule mama tulimwandalia hivi:

"YAH: MATUMIZI YA TAARIFA ZANGU BINAFSI BILA RIDHAA YANGU

Mimi niliyetajwa hapo juu nilikopa kwenu shilingi 50,000 tarehe (andika). Tarehe (andika), kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, watu wanne walio kwenye orodha ya majina ya simu yangu walipokea ujumbe kutoka namba (andika), ukitaja jina langu na deni langu. Sikuridhia taarifa zangu zitumike hivyo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Sura ya 44, naomba mnieleze kwa maandishi ni taarifa zangu zipi mnazo na mmempa nani; msitishe kuwatumia watu wengine taarifa zangu; na mfute orodha ya majina mliyoichukua kwenye simu yangu. Deni langu nalitambua na nitalilipa. Barua hii inahusu taarifa zangu tu. Naomba majibu ndani ya siku 14."

Sentensi ya deni iache ilivyo. Wakopeshaji wa kausha damu hupenda kugeuza kila lalamiko liwe ubishi wa deni, na ukishalitambua deni umewafungia mlango huo. Siku 14 ni muda tuliouweka sisi wenyewe, unatosha mtu mwenye nia njema kujibu.

Toa nakala mbili. Kama mkosaji ana ofisi, peleka kwa mkono, waombe masjala wagonge muhuri kwenye nakala yako na aliyepokea aandike jina lake. Wakikataa kugonga muhuri, andika nyuma ya barua siku, saa na jina la aliyekataa, shahidi wako aweke sahihi. Kama ni programu isiyo na ofisi, tuma kwa barua pepe iliyoandikwa kwenye ukurasa wake wa kupakulia na uchapishe ile uliyotuma. Angalia pia kama inaruhusiwa kukopesha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Programu yako ikiwa haina leseni, nakala ya malalamiko yako iende Benki Kuu pia.

Peleka Tume, uhesabu siku

Majibu yasipokuja, malalamiko yanakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Huna haja ya kupanda gari. Tume inapokea kwa njia ya mtandao, na utaratibu wake uko kwenye kanuni za malalamiko za mwaka 2023. Ambatanisha barua yenye muhuri, picha, na maelezo ya mashahidi. Eleza kwa mpangilio wa tarehe, bila matusi na bila kubahatisha. Kama huna uhakika nani alifanya, andika "namba fulani ilinitumia", usiandike jina la mtu unayemshuku.

Tume inatakiwa kukamilisha uchunguzi ndani ya siku 90, na inaweza kuongeza muda usiozidi siku 90 nyingine. Ina uwezo wa kutoza faini ya hadi shilingi milioni 100 na kuamuru fidia. Hesabu siku zako kwenye kalenda. Ukimya ukizidi, andika kuulizia, nayo uitunze.

Mkiwa wengi, tunzeni siri za watu

Lalamiko moja linamrudishia mtu mmoja haki yake. Yakiwa ishirini yanayofanana, kutoka Kibirizi, Gungu, Mwandiga na Uvinza, mnaweza kuonyesha kwamba ni sheria au usimamizi wake ndio una tundu. Hapo ndipo utetezi unapoanza hasa, na ndipo watetezi wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukianza kukusanya malalamiko, wewe mwenyewe umekuwa mkusanyaji wa taarifa binafsi. Nimeona kundi la WhatsApp la "kutetea wahanga" ambamo picha za jumbe za aibu za wanawake zilikuwa zinarushwa zikiwa na majina na namba zao wazi. Waliojitolea kuwasaidia ndio waliowaumiza mara ya pili. Mmoja aliniambia afadhali ile programu, iliwatumia watu wanne. Kundi lilikuwa na watu mia mbili.

Sisi tuna madaftari mawili. La kwanza lina jina na namba ya kila mlalamikaji, nalo limefungiwa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, na funguo anazo mtu mmoja. La pili halina jina hata moja: lina namba ya lalamiko, aina ya taarifa iliyovuja, njia iliyotumika, wilaya na mwezi. Tunapokwenda kwa diwani au redioni, tunabeba la pili. Kila mtu anatupa ridhaa kwa sahihi au dole gumba, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Kwa wazee wetu hiyo ni Kiha, na maelezo huchukua muda, msiwaharakishe. Akitaka jina lake litoke, linatoka siku hiyohiyo. Na kama mna kikundi au asasi iliyosajiliwa, jisajilini Tume kama sheria inavyowataka wengine.

Kuhusu maneno mnayotoa hadharani, kuweni makini. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Semeni mnachoweza kukithibitisha kwa karatasi iliyo mezani. Simu za viongozi wa kikundi ziwe na namba ya siri, na WhatsApp zao ziwe na uthibitisho wa hatua mbili. Mwenye kutumia VPN (programu inayoficha njia yako ya mtandao) akumbuke kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ilitaka watumiaji wa VPN watoe taarifa kwake.

Wafikie wanaoandika sheria

Muswada wa sheria huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, husomwa Bungeni mara ya kwanza, kisha kamati ya kudumu inayohusika huita wadau watoe maoni. Tangazo hilo hutoka na siku chache mkononi. Kutoka Kigoma, ukianza kutafuta nauli ya Dodoma siku ya tangazo, umechelewa. Kwa hiyo andaeni ukurasa wenu mapema, muda ambao hakuna muswada wowote. Tangazo likitoka mnabadilisha namba za vifungu na kutuma kwa maandishi, maana maoni ya maandishi yanapokelewa.

Ukurasa huo uwe na mambo matatu: kilichotokea huku, kifungu kilichoshindwa kukizuia, na maneno kamili mnayotaka yawekwe. Hili la mwisho ndilo lenye nguvu. "Tunaomba sheria iboreshwe" haimsaidii mbunge. Mpeni sentensi anayoweza kuinyanyua na kuisoma, kwa mfano: "Mtoa huduma ya mikopo ya kidijitali hatasoma, hatanakili wala hatatumia orodha ya majina iliyo kwenye simu ya mkopaji." Mpelekeeni mbunge wenu akiwa jimboni.

Kanuni ni jambo jingine. Zinatungwa na Waziri, hazisubiri kura ya Bunge, na hubadilika haraka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitungwa 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022. Huko barua yenu iende wizarani, nakala TCRA. Kama mnahitaji kujua ofisi ya umma ilifanya nini, raia anaweza kuuliza kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na ofisi ina siku 30 za kujibu.

Intaneti ilipozimwa nchi nzima siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, na kukaa hivyo kwa siku kadhaa, wafanyabiashara wetu wanaopokea oda kwa WhatsApp walikaa na mzigo. Walioandika kwenye daftari la mauzo, siku kwa siku, walichopoteza, leo wana cha kuambatanisha tunapozungumzia Ibara ya 18 na uhuru wa mawasiliano. Kama bado unakumbuka, andika sasa.

Mahakamani

Mwanasheria Tito Magoti alikwenda Mahakama Kuu kupinga baadhi ya vifungu vya Sheria hii ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akidai maneno yake ni mapana mno kiasi cha kuacha mwanya wa matumizi mabaya. Mei 2024 mahakama ilikubaliana naye kwenye vifungu kadhaa na kuipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Nawasomea vijana wetu habari hiyo mara kwa mara, kwa kuwa inaonyesha kwamba hata sheria inayotulinda inaweza kudaiwa itulinde vizuri zaidi.

Lakini mlango umekuwa mwembamba. Marekebisho ya mwaka 2020 ya sheria inayosimamia mashauri ya haki za msingi, ambayo Mahakama ya Rufani iliyatamka mwaka 2025 kuwa yanakiuka Katiba, yalikutaka uape na ueleze jinsi wewe binafsi ulivyoathirika, na uonyeshe kwamba umeshapita kwenye njia nyingine za kisheria. Sasa unaona kwa nini nilisisitiza ile barua ya kwanza. Mahakama Kuu ipo hapa Kigoma na ipo Tabora, ila shauri la namna hii linahitaji wakili. Wasaidizi wa kisheria tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hatusimami mahakamani. Kazi yetu ni kukufikisha kwa wakili ukiwa na faili kamili.

Faili la mama wa Kibirizi lina karatasi kumi na moja. Chini kabisa kuna picha ya simu ya shemeji yake, saa 2:17 asubuhi. Juu yake maelezo ya mwalimu na ya mteja wa Kasulu, muamala wa mkopo, risiti ya siku alipomaliza kulipa deni, barua yake, barua pepe iliyochapishwa, daftari la simu alizopiga bila kupokelewa kwa siku 14. Ya juu ni ukurasa wa Tume unaothibitisha malalamiko yamepokelewa. Kwenye kalenda iliyo ukutani mwa ofisi yetu, siku ya 90 imezungushiwa duara jekundu, na pembeni yake kuna namba ya lalamiko, bila jina.